Kabla Hamjauza Mvule

Mama mpendwa, kama nyumbani kwako kuna mlango au kabati mlilorithi kutoka kwa wazee, na mpaka leo mchwa hawajaligusa, huenda ni la mvule. Wengi wetu tumelala juu ya mti huo, tumekula juu yake, na siku za Jumapili tumeketi juu yake kanisani, lakini hatujawahi kuuona ukiwa umesimama. Mimi nilikulia Tanga mjini, na kwangu mvule lilikuwa jina la mbao tu. Fundi akisema "hii ni mvule", tulijua bei itapanda.

Nilipoolewa mwaka 1989 na kuja kuishi wilayani Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, ndipo nilipokutana na mvule wenyewe. Ulikuwa umesimama nyuma ya nyumba ya wakwe zangu, katikati ya michungwa na migomba. Marehemu baba mkwe aliposafisha eneo lile alifyeka kila kitu, akauacha huo peke yake. Shina lake lilikuwa limenyooka kama nguzo, bila tawi hata moja mpaka juu sana, na huko juu ndiko yalikoanza majani. Mvule ukiachwa ukue vizuri waweza kufikia urefu wa mita 50. Ukiuchanja gome hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Nilipouliza kwa nini haukukatwa, mama mkwe alinijibu, "Huo si kuni, mwanangu." Akaendelea kupepeta mchele wake.

Kwa miaka mingi sikuufikiria sana. Ulitupa kivuli, na majani yake yaliyoanguka niliyasomba kwenda kwenye migomba. Usiku wa msimu wa matunda walikuja popo wakubwa, wakapiga kelele hadi alfajiri, na asubuhi ua zima lilikuwa na mabaki ya kufagia. Nilitaka watoto wawafukuze kwa mawe. Mama mkwe alikataa katakata. Alisema popo ndio wapandaji wa mvule. Nilidhani ni maneno ya kizee tu, lakini baadaye nilisikia habari hiyo hiyo kutoka kwa wataalamu wa misitu: popo hula tunda la mvule, huruka mbali, na kuziangusha mbegu huko waendako. Mbegu zenyewe ni ndogo mno.

Mti huu una ndugu unaowafahamu. Wataalamu huuita Milicia excelsa, nao umo katika ukoo mmoja na mfenesi, mforosadi, mtini, na hata mkuyu ule aliopanda Zakayo ili amwone Bwana. Huota katika misitu ya Afrika kuanzia Guinea-Bissau upande wa magharibi hadi Msumbiji upande wetu. Afrika Magharibi huitwa iroko, na wafanyabiashara wa mbao wa Ulaya huujua kwa jina hilo. Mbao yake ikipasuliwa huwa ya manjano, kisha kadiri inavyopata mwanga hugeuka kahawia iliyoiva. Haiozi upesi, mchwa hawaipendi, na haipindi ovyo ikishakauka. Ndiyo maana mafundi wa pwani wameitumia kwa milango na kwa vyombo vya baharini tangu zamani.

Sasa niwaeleze jambo lililotupata mwaka 2011.

Binti yetu wa kwanza alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Barua ilifika mwezi wa Julai, na ada ilitakiwa kabla ya mwisho wa Septemba. Baba watoto alikuwa akifundisha shule moja huko Handeni, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Katika hali hiyo akatokea kijana mmoja mwenye pikipiki, amevaa vizuri, na salamu zake zilikuwa za adabu sana. Aliuzunguka mvule wetu mara mbili, akaugonga kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari. "Mama," akaniambia, "mti huu ni mzee, ndani umeshaoza. Ila nitawasaidia kuuondoa kabla haujaangukia nyumba, na nitawapa kitu kidogo." Kisha akataja bei.

Siri ya umaskini ni kwamba fedha yoyote iliyo mezani huonekana nyingi. Bei aliyotaja ilitosha robo tatu ya ada ya mwaka wa kwanza. Kwa wiki nzima sikulala vizuri. Nilimtazama binti yangu akifua nguo zake za safari, nikautazama mti, nikawaza: mti ni mti, mtoto ni mtoto.

Kilichonizuia ni jambo dogo. Nilikuwa nimeagiza stuli mbili kwa fundi seremala mmoja mzee wa hapo Muheza mjini, na nilipokwenda kuzichukua nikamuuliza ubao mmoja wa mvule unauzwaje. Alinitajia. Nikapiga hesabu palepale kwa kidole juu ya vumbi la meza yake: bei ya yule kijana kwa mti mzima ililingana na bei ya mbao 11. Mbao 11 tu! Nikamweleza mzee yule habari yote. Aliweka randa yake chini akasema Jumamosi atakuja kunisalimia.

Alikuja na kamba ya katani na shoka dogo. Kwanza aligonga shina kwa mgongo wa shoka, pande zote, huku amelaza sikio. Sauti ilikuwa nzito, si ya mvungu. "Mzima huu," akasema. Kisha akanifundisha kipimo ambacho naomba kila mama mwenye mti wa mbao akijue, kwa kuwa hakihitaji shule. Unazungusha kamba kwenye shina mahali pa kifua. Wetu ulikuwa na mzingo wa mita 4 na sentimita 40. Lakini shina hupungua unene kadiri linavyopanda, kwa hiyo unakadiria mzingo wa katikati ya gogo, na yeye alikadiria mita 4. Kamba hiyo unaikunja mara nne, na hapo tukapata mita 1. Unazidisha kipimo hicho kwa chenyewe, kisha kwa urefu wa gogo lililonyooka, ambalo kwa macho yake lilikuwa mita 14. Moja mara moja mara 14: mita za ujazo 14.

"Msumeno hula nusu," akaendelea. "Maganda, pembe, unga, na pale penye kasoro. Zihesabu 7." Mita moja ya ujazo hutoa takriban mbao 35 za futi 12, zenye upana wa inchi 12 na unene wa inchi 1. Mtoto wetu wa darasa la sita ndiye aliyezidisha: mbao 245.

Tuliketi kimya kidogo. Yule kijana alitaka mbao 245 kwa bei ya mbao 11. Ni kweli kwamba kuna gharama za wapasuaji, kibali, ushuru na gari, na mfanyabiashara naye ana watoto. Hata hivyo, ukitoa yote hayo, pengo lile haliwezi kuitwa biashara.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Baba watoto aliporudi, tukagundua kwamba shemeji yangu, mdogo wake, alikuwa ameshapokea fedha ya utangulizi kutoka kwa kijana yule na kununua mabati. Yeye aliamini kuwa mti wa baba ni mali ya wana wa kiume, na kwamba mimi na mama yake hatukuhitaji kuulizwa. Kikao kikaitishwa. Nashukuru kwamba mume wangu alisema, "Mama watoto naye aje, ndiye anayeishi na mti huo." Nilikwenda na daftari la hesabu la mwanangu. Sikugombana na mtu. Nilisoma tarakimu, moja baada ya nyingine, kama ninavyosoma matangazo kanisani, na nilipofika 245 shemeji alishika kichwa. Alikuwa haibii familia. Hakujua, kama mimi nilivyokuwa sijui wiki mbili kabla.

Mama mkwe alizungumza mwisho. Alisema mumewe aliuacha mti ule kwa ajili ya siku ambayo hakuna kitu kingine chochote kilichobaki kuuzwa. "Je, siku hiyo imefika?" akauliza. "Mtamba yupo bandani. Machungwa yako mtini."

Basi tulimuuza mtamba, ambaye tulimtegemea atupe maziwa, na machungwa yote ya msimu ule tukayauza yakiwa bado juu ya miti. Chuo kilikubali ada kwa awamu mbili. Shemeji alirudisha fedha ya kijana yule kidogo kidogo, na baba watoto alimsaidia nusu, ingawa maneno tuliyoyasikia kutoka kwa mnunuzi siyaandiki hapa. Kwa miaka miwili nyumbani kwetu tulikunywa chai ya rangi. Watoto wadogo walilalamika, na sikuwalaumu. Binti yetu alimaliza masomo, na leo anafanya kazi katika zahanati huko Korogwe.

Mimi sipingi kuuza mti. Mungu alitupa miti tuitumie, na mti unaweza kweli kumsomesha mtoto au kumtibu mgonjwa. Ninachopinga ni mti kuuzwa na mtu mmoja, kwa haraka, kwa bei iliyotajwa na mnunuzi. Tena mvule si mti wa kukatwa hivi hivi. Hata ukiwa umeota shambani mwako, anzia ofisi ya misitu ya wilaya uombe kibali, maana Tanzania ina Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mbao zisizo na kibali wala alama ya nyundo ya serikali hukamatwa njiani. Mnunuzi anayekuambia "mambo ya kibali niachie mimi" mara nyingi anakuficha vipimo, kwa kuwa afisa misitu atakuja na tepu yake na kuandika ujazo kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo kinga yako.

Na hapa namkumbuka jirani yangu. Yeye ni mjane. Shambani kwake kulikuwa na mvule mwingine, mita kama 200 kutoka wetu. Mwaka 2013 ndugu za marehemu mumewe waliuuza bila kumwambia, na yeye alijua siku aliposikia msumeno. Nilikwenda kukaa naye siku hizo zote tatu, maana nilihisi hapaswi kukaa peke yake. Siku ya pili mnyororo wa msumeno uliruka cheche ndani ya gogo, wapasuaji wakalaani. Walikuwa wamekuta jiwe. Msinicheke, mvule huwa na mawe ndani ya mwili wake, magumu, meupe kama chokaa, na kwa kweli ni chokaa. Wanasayansi waliouchunguza mti huu huko Ivory Coast wameeleza kwamba mvule huvuta hewa ya kaboni kama miti mingine, kisha, kwa msaada wa vijidudu vya udongoni, sehemu ya kaboni hiyo hugeuka kuwa chokaa kwenye udongo unaouzunguka. Udongo wenye asidi hupungua ukali. Sikushangaa niliposikia hayo, maana migomba yetu iliyo karibu na mvule haijawahi kutuangusha.

Watoto walikuwa wakicheza kwenye lundo la unga wa mbao, na jioni wawili walivimba macho na kujikuna mwili mzima. Akina mama, msiruhusu watoto wachezee unga wa mvule. Huwasha ngozi na macho, na ukivutwa puani unaweza kuleta pumu. Hata fundi wako mwambie afunge kitambaa puani.

Gari lilipoondoka na mbao, jirani yangu aliletewa kiroba kimoja cha unga wa sembe. Kimoja. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kwa maana ndivyo tulivyofundishwa. Hakuna aliyemwambia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Mimi mwenyewe nilikuja kuisikia katika semina ya wanawake miaka miwili baadaye. Wewe unayesoma leo, kama shamba unalolima halina karatasi yenye jina lako pamoja na la mumeo, zungumzeni mapema, wakati wote wawili mna afya na mnacheka.

Mti ule wa jirani ulikuwa dume. Mvule haufanani na mchungwa, ambao kila mmoja huzaa. Kuna mvule dume na mvule jike. Dume hutoa maua meupe marefu yanayoning'inia kama mikia, upepo ukayapeperusha unga wake; jike hutoa matunda ya kijani yanayofanana na viwavi wanene, na ndani yake ndimo zilimo mbegu. Mama mkwe alilijua hilo bila kitabu. Siku gogo lilipoanguka alisema tu, "Sasa wetu ni mjane pia." Hakuna dume mwingine tunaouona kutoka kwetu, ingawa yamkini upo mmoja kwenye msitu wa mlimani ambao upepo waufikia.

Huenda mtauliza, kwa nini watu wasipande mivule kwa safu kama mitiki ya serikali pale Longuza? Nilimuuliza swali hilo bwana misitu. Alinieleza kwamba watu wamejaribu katika nchi nyingi, na adui ni mdudu mmoja mdogo sana. Hutaga mayai kwenye chipukizi la mche, na watoto wake wakinyonya, chipukizi huvimba kama jipu, huoza, na mche hudumaa au kufa. Mivule michanga ikiwa pamoja mingi, juani, mdudu huyo hufanya karamu. Ikitawanywa moja moja kati ya mimea mingine, penye kivuli kidogo, hupona zaidi. Kwa maneno mengine mvule hautaki shamba la mvule. Unataka kukua kama ulivyokua wetu, kati ya migomba na watu.

Hilo nilianza kulifanya mwaka 2014. Asubuhi moja baada ya popo, niliokota matunda yaliyoiva, nikayaponda ndani ya maji kama ninavyofanya nyanya chungu za mbegu, nikakausha mbegu kivulini na kuzisia mara moja, kwani zikikaa hupoteza nguvu. Kitalu changu kilikuwa beseni bovu lenye matundu. Nilisia viganja viwili. Ikaota miche kama 60, na hapo nikajua kwamba dume mwingine yupo mahali, Mungu ndiye ajuaye wapi. Nikaihamishia miche 40 kwenye vifuko vya maziwa. Wale wadudu wakaja kama tulivyoambiwa. Kila asubuhi nilikata vichipukizi vilivyovimba na kuvichoma moto. Mwaka ulipokwisha nilibaki na miche 14, na nikaitawanya: mmoja nyuma ya choo, miwili kati ya migomba, mingine kwenye mipaka, na mitatu nilimpelekea jirani yangu mjane, ambaye aliipanda pembeni mwa kile kisiki.

Leo iliyobaki hai ni 6. Miwili kati ya hiyo iko kwake. Mmoja wa kwetu, ule wa nyuma ya choo, umepita paa la nyumba, na shina lake siwezi tena kulizungushia viganja viwili vikakutana. Mama mkwe sasa haoni vizuri. Nikimtoa nje kuota jua la asubuhi huomba nimpitishe pale, hulipapasa gome, kisha huniuliza kama mti umeshaonyesha ni dume au ni jike. Namjibu kwamba bado, mpaka siku utakapotoa maua. "Mwaka kesho utaniambia," husema, na tunakwenda kunywa chai.